Ng'ombe Wanne kwa Siku 90: Kunenepesha Ng'ombe wa Nyama Kwenye Ekari Chache



Kipeperushi hiki ni kwa kaya zinazofuga Kihesa na pembezoni mwa Manispaa ya Iringa, zenye ekari mbili, tatu au tano. Ni kwa ajili pia ya wale wenye kundi Pawaga au Idodi ambao wamepata eneo dogo huku juu kwa sababu ya shule za watoto au shamba la mahindi.

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba malisho yakiisha hapa, unahamia kule. Siku hizi kule kumepungua. Wafugaji waliohamishwa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 hawahitaji kusimuliwa, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mashamba nayo yamesogea hadi mlangoni. Matokeo yake tunayaona kila mwaka ifikapo Oktoba: familia ina ng'ombe kumi na wawili kwenye ekari tatu, wote mbavu nje, na mmoja anapouzwa kwa ajili ya ada ya shule anauzwa kwa bei ya mfupa.

Hatukuambii uuze kundi lako. Ng'ombe wa maziwa ya watoto abaki, na wale wa mahari na wa mbegu unawajua mwenyewe. Tunachosema ni kwamba kwenye ekari chache unaanza kwa kuhesabu chakula, halafu chakula ndicho kinachokuambia ng'ombe wa kunenepesha wawe wangapi. Kwa kaya nyingi za ekari tatu jibu ni wanne, tena kwa siku 90 tu.

Hesabu ya mabua

Chukua mfano wa ekari tatu: mbili za mahindi, nusu ekari ya majani ya kukata, na nusu iliyobaki ni nyumba na zizi. Mahindi yakikupa magunia kumi ya kilo 100 kwa ekari, mabua yake makavu ni takriban tani moja. Ekari mbili zinakupa tani mbili, yaani kilo 2,000. Usifurahi mapema. Ng'ombe hula majani, maganda ya magunzi na sehemu ya juu ya bua, ila ile fimbo nene ya chini huiacha. Kwa hiyo hesabu kwamba kinacholiwa ni kilo 1,200 hivi.

Ng'ombe wa kilo 200 hula chakula kikavu kiasi cha kilo 5 hadi 6 kwa siku, na kadiri anavyokua anafika kilo 7. Katika mpango huu nusu ya chakula hicho ni mabua, tuseme kilo 3 na nusu kwa siku. Kwa siku 90 ni kilo 315 kwa ng'ombe mmoja. Kwa wanne ni kilo 1,260. Umeona mwenyewe kwamba mabua ya ekari mbili yamekwisha, na majani ya kukata ndiyo yanaziba pengo. Wa tano atakula chakula cha wenzake, na wote watano watatoka nusu nusu.

Kama una ng'ombe wa maziwa nyumbani, mhesabu yeye kwanza. Wale wa kunenepesha wanakula siku 90, yeye anakula siku 365. Hapo wa kunenepesha wawe watatu au wawili.

Mabua yakusanywe mara tu baada ya kuvuna, Juni na Julai. Ukichelewa hadi Septemba, mchwa wamekula, upepo umepeperusha majani, ng'ombe wa jirani wamepita, au kuna mtu amewasha moto shambani. Yapange juu ya kichanja cha miti kilichoinuka hadi kwenye goti, chini ya paa la nyasi au turubai. Kama hakuna mashine ya kukatakata, panga linatosha: katakata vipande vya urefu wa kidole na unyunyizie maji ya chumvi kidogo. Hapo watakula hata sehemu ya zile fimbo. Majani ya maharage na maganda ya njegere usiyachome wala kuyatupa, maana yana lishe kuliko mabua. Walio karibu na Pawaga au Usangu wana nyasi za mpunga. Hizo nazo zinafaa, lakini makapi magumu ya mpunga kutoka mashineni hayana chakula ndani yake hata kama mtu anakuuzia kwa jina la pumba.

Nusu ekari ya majani ya tembo, yaliyopandwa kwenye kingo za makinga maji na kuwekewa samadi, hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua, yakiwa na kimo cha kifua. Panda desmodiamu katikati ya mistari. Miche na ushauri uliza kwa afisa mifugo wa kata. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Uyole, Mbeya, nacho hushughulika na mbegu za malisho ya nyanda hizi za juu.

Chakula cha ziada

Mabua peke yake yanamfanya ng'ombe asife. Nyama inatokana na pumba na mashudu. Hapa Iringa tuna bahati, kwa sababu mashine za kukoboa mahindi zipo kila mtaa, na viwanda vidogo vya alizeti vinatoa mashudu. Mchanganyiko rahisi wa kilo 100 ni huu: pumba za mahindi kilo 70, mashudu ya alizeti kilo 28, chokaa ya mifugo kilo moja na nusu, na chumvi nusu kilo.

Usiiache chokaa kwa kuiona kidogo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mtindo huo ukiendelea bila kusahihishwa, dume, hasa maksai, hupata vijiwe kwenye njia ya mkojo. Utamwona anasimama akijikamua bila kukojoa. Ng'ombe huyo mara nyingi unampoteza.

Nunua pumba na mashudu yaliyokauka. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, acha, hata kama bei ni ya kutupa. Ukungu huleta sumukuvu. Machicha ya komoni ni mazuri yakiwa mabichi ya siku hiyo hiyo. Yakilala siku tatu kwenye pipa, usimpe mtu wala mnyama.

Wengine wanauliza kuhusu urea. Urea ya mbolea inaweza kuongeza nguvu ya mabua: kilo 4 zikayeyushwa ndani ya lita 50 hadi 60 za maji, zikanyunyiziwa kwenye kilo 100 za mabua, kisha yakafunikwa kwa plastiki bila kupitisha hewa kwa wiki tatu. Inafanya kazi, lakini ng'ombe akinywa maji yale ya urea anaweza kufa kabla hujamfikia mganga. Mara ya kwanza fanya ukiwa na afisa mifugo pembeni, na ndoo ile isirudi jikoni.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulikosea, nami nimewahi kulikosea. Kaya ya kwanza niliyoielekeza, tulikuwa na haraka, tukawapa madume kipimo kizima siku ya kwanza. Kufika siku ya tatu wawili walikuwa wanaharisha kinyesi cha kijivu, mmoja amelala na hacheui, na baadaye akaanza kuchechemea. Tumbo la ng'ombe aliyezoea nyasi halijui pumba nyingi. Likipewa kwa ghafla linajaa tindikali. Kwa hiyo anza na nusu kilo kwa siku, uigawe asubuhi na jioni. Ongeza taratibu hadi kufika kilo 3 na nusu siku ya kumi na nne au kumi na tano. Siku zote atangulie kula mabua, mchanganyiko ufuate. Ukiona kinyesi kimelegea, rudi nyuma siku mbili kisha uendelee.

Kwa mpango huo ng'ombe mmoja atamaliza kilo 290 hivi za mchanganyiko kwa siku 90. Wanne ni kilo 1,160. Hapo ndipo fedha yako nyingi inakwenda, kwa hiyo nunua pumba wakati wa mavuno, mashine zikiwa na kazi nyingi na bei ikiwa chini.

Maji ni lita 30 hadi 40 kwa kila ng'ombe kwa siku. Kwa wanne ni karibu lita 150. Kabla ya kuamua, kaeni kama familia mjiulize nani atayabeba. Mara nyingi baba anapanga mradi na mama na mabinti ndio wanaobeba ndoo. Kama bomba liko mbali, gharama ya mtu wa mkokoteni iingie kwenye hesabu, au punguza ng'ombe.

Ng'ombe gani wa kuchagua

Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, wakiwemo wale wekundu wa Iringa, wanafaa. Hawana mwili mkubwa kama Borani, lakini wanavumilia kupe na mabua. Ukipata chotara wa Borani mwenye umbo refu, ataongeza zaidi kwa chakula kile kile.

Tafuta dume la miaka miwili hadi minne. Fungua mdomo: meno makubwa mawili au manne mbele ni umri mzuri, kwani bado anajenga mwili. Awe na mifupa mirefu, mgongo ulionyooka, kifua kipana, macho maang'avu, na awe mwembamba kwa sababu ya njaa tu. Ng'ombe aliyekondeshwa na kiangazi hulipa haraka akipata chakula, kwa sababu mwili unafidia ulichokosa. Ng'ombe aliyekonda kwa ugonjwa atakula pumba zako na kubaki vile vile. Kikohozi, kuharisha, uvimbe chini ya taya, manyoya yaliyosimama bila kung'aa: mwache, hata kama dalali anakuapia.

Kama una kundi lako mwenyewe Pawaga, usinunue. Chagua humo humo, na hapo kazi ngumu ni ya moyo. Mzee atataka kuleta dume zee analolipenda, lile la pembe nzuri. Dume hilo limeshamaliza kukua. Lishe yote utakayompa itageuka mafuta, na polepole.

Dume asiyehasiwa hukua haraka kidogo kuliko maksai. Lakini wakipigana na kuvunja banda, afisa mifugo awahasi mapema kabla ya siku 90 kuanza, kidonda kipone kwanza.

Siku 14 za mwanzo

Ng'ombe mgeni asichanganywe na wa nyumbani kwa wiki mbili angalau. Aje na kibali cha kusafirishia mifugo, kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inavyotaka. Kibali si karatasi ya kumpendeza askari wa barabarani. Homa ya mapafu inaweza kukaa ndani ya ng'ombe kwa wiki nyingi bila kuonekana, na ikiingia kwenye zizi lako hutajua ilitoka wapi. Uliza pia kuhusu heleni ya utambuzi, na kwenye ofisi ya kata uliza kama eneo lako linaruhusiwa kufuga ng'ombe. Manispaa ina sheria ndogo zake, na kuambiwa ubomoe banda siku ya hamsini ni hasara tupu.

Siku ya kwanza mpe dawa ya minyoo. Kama ametoka mabondeni penye maji, aambiwe afisa mifugo ili atoe dawa inayoua na minyoo ya ini, kwa sababu dawa nyingi za kawaida haziigusi. Mwogeshe kwa dawa ya kupe na urudie kila wiki wakati wa mvua. Kufungia bandani hakumalizi kupe, kwani wanakuja na majani uliyokata.

Ugonjwa wa kuogopa ni ndigana kali. Huletwa na kupe wa kahawia wanaokaa masikioni. Tezi chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa inapanda, pumzi inakuwa nzito, na mwisho povu hutoka puani. Dawa ipo, lakini inasaidia ikiwahi, siku za mwanzo za homa. Wenye chotara na ndama wanaokusudia kuwakuza wajue kuna chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ambayo wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa miaka mingi. Ng'ombe huchanjwa mara moja maishani. Chanjo hii hutolewa na mtaalamu, maana huambatana na sindano ya dawa.

Kumbuka kwamba ng'ombe aliyechomwa sindano hauzwi kwa nyama hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Dawa za muda mrefu zinaweza kuhitaji wiki nne. Andika tarehe kwenye daftari.

Banda

Hapa hakuna haja ya tofali. Mabanzi kutoka mashine za mbao za Mafinga yanatosha kwa uzio na hori. Kila ng'ombe apate nafasi ya kulala mita za mraba 3 hadi 4 chini ya paa, na sentimita 60 hadi 70 za hori ili mnyonge naye ale. Sakafu iinamie upande mmoja, ya changarawe au mawe yaliyoshindiliwa. Zibeni upande unaotoka upepo, maana baridi ya Juni na Julai ya Iringa inamfanya ng'ombe achome chakula kujipasha joto badala ya kuweka nyama. Kinyesi, kama kilo 10 kwa siku kwa kila mmoja, kirudi kwenye mahindi.

Pima, kisha piga hesabu

Kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, pima kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele. Halafu pima urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa nyuma wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 115 ana kilo 208 hivi. Mtoto wa darasa la sita ataipiga hesabu hiyo kwenye simu. Mpeni kazi hiyo na daftari liwe lake.

Dume wa asili aliyelishwa hivi huongeza kati ya nusu kilo na karibu kilo moja kwa siku. Tuchukue gramu 700: kwa siku 90 ni kilo 63.

Sasa tuseme pumba ni shilingi 300 kwa kilo na mashudu shilingi 700. Hizi ni bei za mfano tu, weka za wiki yako. Kilo 100 za mchanganyiko, pamoja na chokaa na chumvi, ni kama shilingi 42,000. Kilo 290 ni shilingi 121,800. Ongeza dawa na usafiri, ifike 150,000. Gawanya kwa kilo 63: kila kilo uliyoongeza imekugharimu shilingi 2,400 hivi. Kama mnunuzi analipa zaidi ya hapo kwa kilo ya ng'ombe hai, umepata. Na zile kilo 200 za mwanzo nazo zimepanda bei, kwa sababu mwenye bucha halipi ng'ombe mnene kwa bei ya mkondefu.

Geuza hesabu hiyo hiyo. Dume lile zee, au yule mwenye minyoo, anaongeza gramu 300 kwa siku. Kwa siku 90 ni kilo 27. Gharama ni ile ile 150,000. Kila kilo imekula zaidi ya shilingi 5,500. Ndiyo maana tunapima kila wiki mbili: ng'ombe ambaye vipimo viwili mfululizo havijasogea, tafuta sababu, na usipoipata muuze wiki hiyo hiyo. Usimsubiri.

Ukitaka kuuza kabla ya Krismasi, waingie bandani karibu na tarehe 10 Septemba. Watafikisha siku 90 mapema Desemba, wakati ng'ombe wengi wa machungani bado wamekonda. Usiwapitishe siku 100 ukitegemea bei ipande. Kadiri wanavyonenepa wanakula zaidi na kuongeza kidogo.

Nenda mnadani na daftari lako. Palipo na mizani, pima kabla ya kutaja bei. Pasipo na mizani, taja kilo zako wewe kwanza kabla dalali hajazitaja zake. Waliokubaliana nyumbani kugawana fedha, wagawane siku ile ile: ya ada, ya chakula, na ya pumba za awamu ijayo, hiyo ya mwisho ikae kwa mama au kwenye kikundi. Banda lifagiliwe, lipumzike wiki mbili likipigwa jua. Kisha panda juu ya kichanja uhesabu mabua yaliyobaki kabla hujatafuta ng'ombe wengine.